Nusu ya Maneno ya Daktari wa Meno

Nina meno thelathini na mawili na yote ni yangu. Nayataja mapema, kabla hujaniangalia mdomoni, kwa sababu ukiangalia kwanza utanionea huruma bure. Meno yangu ni ya rangi ya strungi, ile chai isiyotiwa maziwa. Mawili ya mbele, ya juu, yamekolea kabisa, na mengine yana mistari mistari. Baba, ambaye alikuwa seremala katika soko la Gikomba, alizoea kuniambia kwamba mbao zenye nyuzi ndizo ghali. Alikuwa ananifariji, maskini. Mama hakuwa mtu wa kufariji. Mama alikuwa mtu wa kusugua.

Chanzo cha yote ni maji. Kabla ya kuja Nairobi, baba alikuwa kibarua kwenye shamba la mzungu kule Bonde la Ufa, na huko ndiko nilikozaliwa. Yeye na mama walipohamia mjini kutafuta maisha, mimi niliachwa na shosho, mamake mama, mpaka nikatimiza miaka tisa. Maji ya huko yalivutwa na mashine kutoka kisima kirefu. Yalitoka yakiwa vuguvugu, yana ladha ya chumvi kwa mbali, na tuliyapenda hivyo hivyo. Watoto wote wa pale tulikuwa na meno ya hudhurungi. Hakuna aliyetuambia ni kasoro. Mimi nilidhani Mungu ndivyo alivyopanga: unaanza na meno meupe ya kunywea maziwa, yakishang'oka unapewa ya rangi ya chai kwa kuwa sasa umekuwa mkubwa na chai unaruhusiwa. Mbona ingekuwa vingine?

Halafu nikaletwa mjini, mtaa wa Shauri Moyo. Mama alinipokea kwenye steji ya basi, nikamkimbilia nikicheka, naye akanishika kidevu, akaniinua uso kuelekea juani, akasema, "Ngai! Ni nini hiki umekula?" Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu hapa Nairobi. Nyuma yake, ameshika gauni lake, alisimama mdogo wangu wa kike ambaye nilikuwa sijawahi kumwona, mtoto wa miaka minne, mzaliwa wa mjini, aliyekuzwa kwa maji ya kanjo, yaani baraza la jiji. Akanichekea. Vimeno vyake vilikuwa vyeupe pee.

Tuliishi katika chumba kimoja cha kanjo, na mstari mzima wa nyumba ulikuwa na mfereji mmoja wa maji. Pale mfereji, kila asubuhi, mbele ya watu wenye ndoo, mama alinisugua meno. Alianza na mkaa uliosagwa na chumvi. Mkaa uliposhindwa akaleta majivu. Majivu yaliposhindwa akaleta mchanga, na siku moja nikamwona anakuja na ule uzi wa chuma wa kusugulia masufuria.

"Mama, hii si sufuria!" nikalia.

"Ingekuwa sufuria ingekuwa imeshang'aa," akasema, akanishika shingo.

Watoto wa mtaa hawakuchelewa kunibatiza. Nikipita, "Niaje, Strungi!" Nikirudi, "Strungi, leo uko na sukari ama huna?" Sikuwalaumu sana, maana jina lenyewe lilinikaa. Lakini nilijifunza kucheka mkono ukiwa mdomoni, na nilijifunza vizuri hata mwalimu mmoja akaniandikia barua ya kumpelekea mama kwamba nichunguzwe kifua, mtoto anakohoa sana darasani.

Mdogo wangu, huyo sasa, ndiye alikuwa meno ya nyumba. Siku moja mama alileta nyama iliyofungwa kwa gazeti, na kwenye gazeti hilo, katikati ya damu, palikuwa na picha ya msichana anayehudumia abiria ndani ya ndege. Kofia imelala upande, meno yote nje. Mama aliipangusa ile picha, akaikausha juani, akaikata vizuri na kuibandika ukutani juu ya kitanda chetu.

"Huyu wangu atapanda ndege," akatangaza, mkono juu ya kichwa cha mdogo wangu.

"Na mimi?" nikauliza.

Mama akaniangalia, akafikiri kidogo. "Wewe una akili," akasema. "Akili haihitaji kucheka."

Mtoto akaamini, tena akaamini kwa moyo wote. Jioni baba akitoka kazini alikuta ndege imeshawashwa. Mdogo wangu alichukua sinia, akapanga vikombe vya uji, akatembea kwa madaha kutoka kitandani hadi mezani, hatua nne, akainama na kuuliza, "Chai ama kahawa, bwana?" Baba, na vumbi lake la mbao kichwani, alikuwa anajifunga mshipi kiunoni kwa sababu aliambiwa bila mshipi ndege haiondoki. Sote tulicheka, mimi mkono mdomoni. Lakini niseme ukweli: nilimwonea wivu mtoto yule. Nilimpenda pia. Kitanda kimoja, blanketi moja, utaacha kumpenda vipi?

Tatizo lake lilikuwa utamu. Mwenye duka alizoea kumwambia, "Hebu cheka kidogo nikuone," akicheka anapewa peremende. Wauza barafu za rangi walimjua. Akina mama wa mtaa walimpa pingili ya muwa ili tu aonyeshe yale meno akiutafuna. Chai yake alitia vijiko vinne vya sukari, na usiku alilala na peremende shavuni. Hakuna aliyeona ubaya. Meno meupe hivyo, yataharibika kwa nini? Aliyekuwa na meno mabovu ndani ya nyumba ile alijulikana, na ni mimi.

Ndipo jirani yetu akaingilia kati. Bwana yake alifanya kazi ya reli, na wote wawili walitoka upande wa ziwani, ambako enzi zao msichana akifikia umri fulani aling'olewa meno sita ya chini, ndiyo desturi. Yeye alicheka mdomo wazi, ulimi ukichungulia kwenye lile pengo, na hakuwa na habari na mtu. Siku hiyo alitukuta mfereji, mimi nalia na mama anasugua.

"Yawa, jirani! Unamtesa mtoto wa watu," akasema. "Mimi walinitoa sita na bwana nikapata, tena mwenye mshahara. Huyu wako ni mawili tu. Ng'oa, muwekee mengine meupe ya plastiki, mambo yaishe."

"Nyani haoni kundule," mama aliniambia tulipoingia ndani. Alitaka kucheka, lakini neno lilikuwa limeshamwingia. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, niko sekondari, na mama alikuwa ameanza kuwahesabu vijana watakaokuja kubisha na kuondoka.

Shule zilipofungwa alinituma kliniki. Yeye alikuwa na viazi vyake sokoni, hangeweza kuviacha, kwa hivyo nikaenda na mdogo wangu, wakati huo ana miaka kumi. Maagizo yalikuwa mafupi. "Mwambie daktari ang'oe hayo mawili ya mbele, aweke meupe kama ya huyu. Usimwongezee hadithi."

Daktari alikuwa mzee wa kipara, mtu wa pwani kwa Kiswahili chake. Alinilaza kwenye kiti, akaniambia nipanue, akaanza kugonga meno yangu kwa kichuma chembamba, ti, ti, ti, moja baada ya jingine. Mezani kwake palikuwa na meno makubwa ya plasta ya kufundishia, na mdogo wangu alikuwa ameyachukua, anayafungua na kuyafunga, anayaongelesha. Nilimwona hivyo nikajua hayupo nasi.

"Haya, nani kakwambia haya ni mabovu?" daktari akauliza alipomaliza.

"Mama."

"Msalimie sana mama. Mwambie, kwa heshima zake, mimi sijaona jino bovu hapa hata moja. Ningekuwa na haya yako ningeshukuru. Yangu usiku nayavua nayalaza ndani ya gilasi."

Nikamwuliza kwa nini basi yako hivi. Akaniuliza nilikulia wapi, nikamwambia, akatikisa kichwa kama mtu aliyetajiwa jamaa yake. Kisha akauliza baba yangu hufanya kazi gani.

"Ni fundi seremala."

"Leo tumfanye fundi wa ukuta, atanisamehe. Jino lina ganda kwa nje, laitwa enameli, gumu kushinda mfupa wowote mwilini mwako. Tuseme ndiyo lipu. Sasa, mdomoni mna vidudu vidogo, huvioni. Ukila sukari vinakula nawe, na vikishiba vinatoa asidi, kitu kikali mithili ya siki. Ile asidi inayeyusha lipu, kidogo kidogo. Mate yako ndiye fundi. Yamebeba madini, na kila yanapopita yanaziba palipolika. Ukila tamu mara moja, fundi anawahi. Ukila tamu kutwa, fundi hawahi, ukuta unatoboka. Basi floraidi, madini yapatikanayo majini na katika dawa ya meno, ni saruji unayomtilia fundi ndani ya karai. Lipu atakayopiga inakuwa ngumu, asidi inahangaika nayo."

"Na mimi je?"

"Maji ya bibi yako yalikuwa na floraidi iliyopita kiasi, nawe uliyanywa wakati meno yako ya ukubwani yangali yanaumbwa ndani ya ufizi. Saruji ikazidi, rangi ikaharibika. Wako watoto wa huko walioharibikiwa zaidi, meno yakafanya vishimo na kumegeka. Wewe umeponea kwenye rangi. Na meno yakishatoka hayaingii tena rangi hiyo, floraidi haikuongezei wala mkaa haukupunguzii. Acha mkaa. Acha mchanga. Unakwangua ukuta wako mwenyewe."

Nilipomtajia ule uzi wa chuma alifumba macho.

Halafu akamwita mdogo wangu. "Njoo wewe, mrembo." Mtoto akaweka plasta chini, akapanda kitini, akafungua mdomo kwa majivuno. Daktari akagonga ti, ti, akainamisha taa. Mzaha ukamwisha.

"Huyu ndiye mgonjwa," akasema. "Magego mawili yameanza kutoboka. Maji yenu ya hapa yana floraidi haba, na sukari naona anayo tele. Mama anunue dawa ya meno iliyoandikwa floraidi. Apige mswaki asubuhi na kabla ya kulala, dawa kiasi cha punje ya njegere, ateme asimeze. Peremende zipungue, ya kulala nayo iwe haramu kabisa. Na umrudishe mwezi ujao niyazibe hayo mawili." Akanigeukia. "Umenielewa? Kwako ilizidi, kwake imepungua. Mwambie mama yote mawili."

"Nimeelewa," nikasema. Na kweli nilielewa.

Tulirudi kwa miguu. Sijui nikueleze vipi nilivyojisikia. Miaka sita nilikuwa mchafu, sasa nimeambiwa nina meno ambayo daktari mzima anayatamani. Nilicheka na wachuuzi, nilicheka na wasukuma mikokoteni, nilimcheka mbwa mmoja aliyekuwa amelala kwenye rundo la nguo za mitumba kama mwenye duka. Mdogo wangu alikuwa ananitazama tu, amenishika kidole.

Mama alikuwa ameshatoka sokoni, anapika jikoni nje, amekaa kwenye kigoda anamenya viazi. Akaniangalia mdomoni. "Mbona bado unayo?"

Nikamweleza habari ya maji. Nikamweleza kwamba si uchafu, ni floraidi iliyokuwa kwenye kisima cha kule, ilinipata nikiwa bado mtoto, na hakuna mkaa utakaoitoa. Mama akaweka kisu chini.

"Maji ya kwa mama yangu?" akauliza.

"Ndiyo."

"Na ni mimi niliyekuacha huko."

Machozi yakamtoka. Nilikuwa sijawahi kumwona mama akilia, hata msibani. Alinishika kidevu kama siku ile ya steji, ila sasa polepole, akanipitishia kidole kwenye yale meno mawili. "Nisamehe mtoto wangu," akasema. "Nimekusugua kama chombo." Nilitaka mkono ule ukae pale pale. Ningekubali kunywa kile kisima chote tena ili ukae pale.

Kisha akakumbuka. "Na huyu mdogo, wamemwangalia?"

Mdogo wangu alikuwa amechutama kando ya jiko, anachora chini kwa kijiti, nami nilidhani kule kliniki hakuambulia neno. Nilijua la kusema. Nilijua pia nikilisema uso wa mama utageuka upande ule, na habari itakuwa ya meno meupe tena, kama kila siku.

"Huyu hana shida," nikasema. "Daktari amesema ana meno mazuri."

"Asante Mungu," mama akasema, akarudi kunibembeleza.

Nilijiambia nitamwambia kesho. Na kesho ikaja, nayo ilikuwa nzuri, mama alinipa ukoko wa wali niliokuwa sipewi, nikasukuma mbele siku moja tena. Baada ya wiki mbili baba akaja na dawa mpya ya meno, aliyopewa na mteja mmoja aliyetengenezewa kabati, mrija mzuri wenye maandishi mekundu. Mama alisoma Biblia ya lugha yetu bila miwani, lakini Kiingereza aliniachia mimi. "Soma tuone wanasema nini," akasema. Nikasoma. Nilipofika kwenye lile neno ningeweza kuliruka. Nililisoma, kwa sauti ya mwanafunzi wa sekondari: ina floraidi.

"Haiya!" Mama aliuchukua mrija kwa ncha za vidole viwili, akatoka nao nje, akautumbukiza chooni. Aliporudi aliosha mikono. "Waliniunguzia mmoja," akasema, "hawataniunguzia na wa pili." Baba aliduwaa kitandani kama abiria aliyeshushwa kabla ya kituo. Tangu siku hiyo, kila dawa ya meno iliyokanyaga nyumba yetu ilisomwa kwanza na mimi, na mdogo wangu akapiga mswaki kwa chumvi na majivu, siku alizokumbuka. Sukari haikupungua hata kijiko. Kwani alikuwa na shida gani? Daktari alishasema.

Ningeweza kuzungumza siku hiyo bado. Mwezi wa kuziba yale mashimo haukuwa umepita. Lakini sasa ningelazimika kueleza kwa nini nilinyamaza kwanza, na kila siku ilifanya maelezo kuwa marefu zaidi. Nilikuwa mwoga, basi. Sina jina jingine la kulipa jambo hilo.

Gego la kwanza lilimtoka akiwa na miaka kumi na miwili. Usiku mzima alilala amelifunga shavu kwa leso, na karafuu mdomoni, ananishika mkono chini ya blanketi. La pili lilifuata. Mama alisema ni upepo wa Nairobi. Jirani alisema ni jicho la watu, mtoto anasifiwa mno. Akiwa na miaka kumi na saba, jino la mbele likafanya weusi kwenye ukingo, likaoza mpaka kwenye mzizi, likang'olewa.

Hata hivyo hakuiacha ile ndoto ya ndege. Alipomaliza kidato cha nne alituma maombi kwenye kampuni moja ya ndege, akaitwa. Alivaa sketi yangu na viatu vya kuazima, akatoka asubuhi, na kabla ya saa sita alikuwa amerudi. Alifika mpaka mlangoni, alituambia, akawaona wasichana wamepangwa wanatabasamishwa mmoja mmoja, akageuka. Alivua viatu, akavipangusa vumbi, akavirudisha kwa mwenyewe. Kisha akapanda kitandani na kuibandua ile picha ya gazeti, ambayo wakati huo ilikuwa imegeuka rangi ya meno yangu.

Mama alitafuta neno la kumpa. "Wewe una akili," akamwambia. "Akili haihitaji kucheka."

Nilitoka nje nikasimama mfereji, nikalia pale mpaka ndoo ya mtu ikajaa na kumwagika.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ilitoka Shauri Moyo hadi Buruburu na ilichukua miaka kumi na mitano. Mdogo wangu akawa mwalimu wa chekechea, hodari kweli, watoto wanamfuata kama vifaranga. Akaolewa na karani mmoja mpole, wakapata nyumba mtaa wa Buruburu, wakapata msichana. Alikuwa anacheka sana bado, mdogo wangu. Lakini mkono uliokuwa wangu ulikuwa umehamia kwake. Kila akicheka, unapanda.

Jumapili moja tulikuwa kwake, mimi na mama, tunajiandaa kwenda kanisani. Mtoto alikuwa na miaka mitatu na nusu. Mdogo wangu alimsimamisha katikati ya sebule, akaleta mswaki mdogo na mrija wa dawa ya meno, akaufungua. Mama akanyoosha shingo. Kiingereza alikuwa hajui, lakini neno lile alilijua kwa sura, kama mtu anavyomjua mwizi wa kuku wake.

"Floraidi!" Akaupokonya ule mrija kabla sijaweka kikombe chini. "Katika nyumba ya mtoto wangu! Mjukuu wangu, hii sumu ndiyo ilimuunguza anti yako meno, muangalie! Na wewe mamake, umenunua hii ukiwa na akili zako?"

Mdogo wangu hakunyoosha hata mkono kuuchukua mrija. Alikunja mikono kifuani na kuniangalia mimi, kama mwalimu anayejua ni nani darasani ana jibu.

Mama alikuwa ameshainuka, anaelekea chooni.

"Mama, keti," nikasema.

"Niache niitupe kwanza."

"Keti, mama. Daktari hakusema vile nilivyokwambia."

Nikamwambia yote. Magego mawili, njegere, peremende ya usiku, kurudi mwezi ujao. Nikamwambia kwamba kwangu ilizidi na kwake ilipungua, na kwamba nilitumwa na maneno mawili nikafikisha moja. Nikamwambia kwa nini. Sauti yangu ilikuwa inatoka kama ya mtoto wa miaka kumi na mitano, na sikumtazama mdogo wangu hata mara moja.

Mama alikaa na mrija mapajani.

"Lipu," mdogo wangu akasema. "Fundi. Saruji ndani ya karai." Aliigiza hata ile sauti ya mzee wa pwani, sawasawa kabisa. "Umenielewa? Kwako ilizidi, kwake imepungua. Mwambie mama yote mawili."

Nikamgeukia. "Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa na miaka kumi. Sikuwa kiziwi."

"Na mbona hukusema? Miaka yote hii!"

"Kwanza, nilipenda peremende," akasema, akacheka, mkono ukapanda mdomoni. "Na kupiga mswaki sikupenda. Usijione wewe ndiye mwenye makosa yote."

"Woi, kwa hivyo nyumba nzima ni mimi tu nilikuwa sijui," mama akasema, si kwa yeyote.

Mdogo wangu akaushusha mkono. Lile pengo likaonekana, naye akaliacha lionekane.

"Siku ile ulicheka njia nzima," akaniambia. "Toka kliniki mpaka nyumbani, mikono yako haikupanda hata mara moja. Sikuwa nimewahi kuyaona meno yako yote. Halafu tukafika, mama akakushika kidevu vile. Mimi nikasema, nitamwambia kesho."

Meno thelathini na mawili, na mkono wangu ulikuwa umeyafunika yote. Mtoto alikuwa bado amesimama katikati yetu, mdomo wazi, anangoja, maana aliambiwa asifunge.

Mama aliugeuza ule mrija mkononi, mara mbili, akafungua kifuniko. Akachukua mswaki kwenye mkono wa mdogo wangu, kisha akaniangalia mimi.

"Haya," akasema. "Huyo daktari alisema kiasi gani?"